Nani Kahesabu Wafu? Kuchagua Takwimu za Mashambulizi ya Ndege Zisizo na Rubani

Julai 2016 serikali ya Marekani ilitoa waraka mfupi. Ulisema kwamba tangu Januari 2009 hadi mwisho wa 2015 ilifanya mashambulizi 473 dhidi ya watu iliowaita magaidi, bila kuhesabu Afghanistan, Iraq na Syria, na kwamba raia waliouawa ni kati ya 64 na 116. Kwa kipindi hicho hicho, shirika la waandishi wa habari za uchunguzi la London, Bureau of Investigative Journalism, lilikuwa na hesabu ya raia kati ya 380 na 801 katika Pakistan, Yemen na Somalia.

Ukiwa unaandika makala, unatafsiri habari au unaandaa tasnifu, utafika mahali lazima uweke namba moja kati ya hizo kwenye sentensi yako. Wengi huchukua ile iliyotangulia kwenye intaneti. Wengine hupima katikati, kana kwamba ukweli hukaa nusu ya njia kati ya waongo na wakweli. Njia zote mbili zinawadhulumu waliokufa. Vyanzo vyenyewe si vingi, na mtu anaweza kuvilinganisha kwa jioni moja akajua kila kimoja kinafaa wapi.

Tofauti haiko kwenye maiti

Tuanze na Pakistan, kwa sababu ndiko kulikohesabiwa na watu wengi kuliko pote. Shambulio la kwanza huko lilimuua kamanda Nek Muhammad, Juni 2004, Waziristan Kusini. Kuanzia hapo hadi 2018, Bureau iliorodhesha mashambulizi 430 na waliouawa kwa jumla kati ya 2,515 na 4,026. New America, taasisi ya utafiti ya Washington, ikafika mashambulizi 414 na wafu kati ya 2,366 na 3,702. Watu wawili waliohesabu kila mmoja kivyake, na majibu yanakaribia kugusana.

Sasa angalia safu ya raia. Bureau: kati ya 424 na 969, wakiwemo watoto kati ya 172 na 207. New America: kati ya 245 na 303. Long War Journal, jarida la Marekani linalofuatilia makundi yenye silaha: chini ya 200.

Maiti ni zile zile. Kinachobadilika ni jina wanalopewa. Ukishalielewa hilo, swali la kuuliza kila chanzo si tena "ulihesabu wangapi?" bali "mtu asiyejulikana jina, aliyekufa kando ya gari lililolengwa, ulimwandika kwenye safu gani?" New America ina safu ya tatu ya wasiojulikana, na hilo ni jambo la heshima, kwa sababu linakiri kwamba kuna watu ambao hakuna aliyewahi kuthibitisha walikuwa nani. Vyanzo vingine huwasukuma watu hao upande mmoja au mwingine, na hapo ndipo mamia hupotea au huongezeka.

Hesabu ya aliyefyatua kombora

Chanzo cha kwanza ni mshambuliaji mwenyewe. Nguvu yake ni ya kweli: yeye peke yake anajua ndege iliruka saa ngapi, ilibeba silaha gani, na ana picha za video za dakika zile. Akikiri kwamba raia wamekufa, ungamo hilo ni gumu kulipinga.

Udhaifu wake ni mkubwa zaidi. Waraka ule wa 2016 haukutaja nchi, haukutaja tarehe, haukutaja tukio hata moja. Huwezi kuchukua kifo cha mtu fulani wa kijiji fulani ukauliza kama yumo kwenye wale 64 au hayumo. Namba isiyoweza kufunguliwa haiwezi kukaguliwa.

Kisha kuna suala la tafsiri ya neno. Mei 2012 gazeti la New York Times liliripoti kwamba utaratibu wa serikali ya Obama ulimhesabu kila mwanamume wa umri wa kupigana aliyekuwa eneo la shambulio kuwa mpiganaji, isipokuwa taarifa za kijasusi zithibitishe baada ya kifo chake kwamba hakuwa na hatia. Mwaka 2016 serikali ilisema umri na jinsia pekee havitoshi kumfanya mtu mpiganaji. Tuichukue kauli hiyo kama ilivyo. Bado kulikuwa na mashambulizi yaliyofanywa kwa kuangalia mwenendo tu: kundi la wanaume wenye silaha, magari yanayoelekea mahali fulani, bila kujua jina la yeyote. Aliyekuwa hajulikani jina kabla ya kombora atajulikanaje baada yake, mahali ambapo hakuna askari aliyefika kuuliza?

Mfano wa Datta Khel hauniondoki akilini. Tarehe 17 Machi 2011, Waziristan Kaskazini, wazee wa kabila walikuwa wamekaa jirga, baraza la wazi, kusuluhisha mgogoro wa machimbo ya kromiti. Makombora yakawaangukia, wakafa watu wapatao 40. Mkuu wa majeshi ya Pakistan wa wakati ule, Jenerali Ashfaq Kayani, ambaye hakuwa na desturi ya kusema hadharani juu ya mashambulizi haya, alilaani. Miezi mitatu baadaye, Juni 2011, mshauri wa Obama wa masuala ya ugaidi, John Brennan, alisema kwamba kwa karibu mwaka mzima hakuna raia hata mmoja aliyekufa kwa mashambulizi hayo. Wahenga walikataa kesi ya ngedere ipelekwe kwa nyani, na walikuwa na sababu.

Hata nia ikiwa njema, uwezo wa kujua una mipaka. Januari 2015 Marekani ilipiga jengo la al-Qaeda mpakani mwa Pakistan na Afghanistan baada ya kulichunguza kwa mamia ya saa. Ndani mlikuwa na mateka wawili, Mmarekani Warren Weinstein na Mwitaliano Giovanni Lo Porto. Hakuna aliyewaona. Obama alitangaza vifo vyao na kuomba radhi mwezi Aprili. Hawa walikuwa watu ambao serikali mbili zilikuwa zikiwatafuta kwa miaka. Mkulima ambaye hakuna serikali inayomtafuta ana nafasi gani ya kuonekana?

Na Kabul, 29 Agosti 2021: kombora lilipiga gari jeupe uani kwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Jenerali Mark Milley aliliita shambulio la haki. Siku 19 baada ya shambulio, Jenerali Frank McKenzie alikiri kwamba lilikuwa kosa: waliokufa ni raia 10, saba kati yao watoto. Lakini angalia kilichotokea katikati. Ilikuwa mji mkuu, waandishi walifika kwenye nyumba ile haraka, wakapata picha za kamera za usalama, wakaonyesha kwamba vilivyopakiwa kwenye gari vilikuwa madumu ya maji. Kama shambulio hilo lingetokea kwenye bonde la milimani, siamini kwamba ungamo lingekuja.

Kasoro nyingine ni kwamba kisima hiki hufungwa kwa amri. Obama aliagiza hesabu itolewe hadharani kila mwaka. Machi 2019 Trump akaliondoa sharti hilo.

Kwa haki, niseme pia kwamba mshambuliaji anaweza kubadilika akibanwa. Kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika, AFRICOM, ilidai kwamba mashambulizi yake zaidi ya 100 nchini Somalia tangu 2017 hayakuua raia yeyote. Machi 2019 Amnesty International ikatoa ripoti ya raia 14 waliouawa katika matukio matano, Shabelle ya Chini. Wiki chache baadaye AFRICOM ikakiri vifo vya raia wawili, mwanamke na mtoto, katika shambulio jingine la Aprili 2018 karibu na El Buur. Tangu Aprili 2020 ikaanza kutoa taarifa ya kila robo mwaka ya madai iliyopokea na uamuzi wake kwa kila moja. Hizo taarifa zinafaa kusomwa, kwa sababu zinataja mahali na tarehe.

Ninavyoitumia hesabu ya mshambuliaji: ni sakafu. Chini ya hapo hakuna anayebisha. Haijawahi kuwa dari.

Hesabu zinazotokana na vyombo vya habari

Bureau, New America na Long War Journal zote zilisimama juu ya msingi mmoja, yaani taarifa zilizochapishwa. Tofauti iko kwenye walichokubali.

Bureau ilikusanya kila ripoti ya kuaminika iliyoweza kuipata, ikaongeza uchunguzi wake mwenyewe huko huko, na kama ripoti moja inasema raia wawili na nyingine inasema wanane, iliandika kati ya 2 na 8. Ndiyo maana mianya yake ni mipana. Msomaji asiyezoea huona upana huo kama uzembe. Mimi nauona kama uaminifu. Uzuri wake mwingine ni kwamba kila shambulio lina ukurasa wake: tarehe, kijiji, nani alisema nini. Ukibisha, unaweza kubishia tukio moja badala ya kutupa kazi nzima. Ilisimamisha hesabu yake ya kila siku mwanzoni mwa 2020, hivyo usiitumie kwa miaka ya karibuni.

New America ni nyembamba zaidi, na ile safu ya wasiojulikana inaifanya ifae kwa mtu anayetaka kuona mwelekeo wa mwaka hadi mwaka bila kulemewa. Long War Journal ina ujuzi wa majina ya makamanda na makundi yao ambao wengine hawana, na kwa swali la "aliyelengwa alikuwa nani" ningelifungua kwanza. Kwa swali la raia, hapana. Linategemea mno maelezo ya maafisa.

Lakini zote tatu zina ugonjwa mmoja, na hapa nawaomba wenzangu tunaoandika kwa Kiswahili tukae kidogo, kwa sababu tunaueneza.

Maeneo ya makabila ya Pakistan yalikuwa yamefungwa kwa waandishi wa kigeni, na kwa wenyeji yalikuwa ya hatari. Baada ya shambulio, mwandishi aliyekaa Peshawar au Islamabad alipiga simu kwa afisa wa usalama asiyetaka kutajwa. Afisa akasema wapiganaji sita wameuawa. Shirika la habari likachapisha, mengine yakachukua. Kesho yake una magazeti matano, na mdomo ni mmoja. Mwenye kuhesabu anaona vyanzo vitano vinakubaliana.

Kisha habari inatufikia sisi. Ya asili inasema "washukiwa". Tunapoitafsiri haraka haraka, neno hilo ndilo la kwanza kudondoka: "magaidi sita wauawa". Wakati mwingine ni kwa sababu kichwa cha habari hakina nafasi, wakati mwingine ni mazoea tu. Mtu aliyekuwa mshukiwa asubuhi amehukumiwa kufikia saa ya chakula cha mchana, na waliomhukumu ni chumba cha habari ambacho hakijui hata jina lake. Nimesoma habari za namna hiyo mara nyingi mno, na kila mara najiuliza familia ya yule wa sita ingesema nini kama ingeisoma. Kama chanzo kinasema washukiwa, andika washukiwa. Kama aliyesema ni afisa asiyetajwa jina, mweke afisa huyo ndani ya sentensi, msomaji amwone.

Airwars na sauti za wenyeji

Airwars, iliyoanzishwa 2014 na Chris Woods, aliyewahi kufanya kazi ya kuhesabu mashambulizi ya droni, yaani hizi ndege zisizo na rubani, pale Bureau, inastahili kutajwa peke yake kwa sababu inasoma lugha za wenyeji. Haisubiri mashirika makubwa ya habari. Inachukua redio ya mtaani, ujumbe wa jamaa wanaoomboleza mtandaoni, picha za mazishi, kisha inalipa kila dai daraja: limethibitishwa, lina uzito, ni dhaifu, linabishaniwa, au limeondolewa. Daraja hilo ndilo la kuangalia kabla ya namba.

Kwa Somalia, Iraq, Syria na Libya ningeanzia hapa. Lakini fahamu mahali panapovuja. Maeneo yaliyo chini ya al-Shabaab hayana sauti huru. Mwaka 2014 kundi hilo liliamuru kampuni za simu zizime intaneti ya simu katika maeneo yake. Al-Shabaab nayo ni upande wa vita, inanufaika na kila raia aliyekufa kwa kombora la adui, wawe wa kweli au wa kutungwa. Kimya cha kijiji kwa hiyo hakina maana kwamba hakuna aliyekufa, na kelele za redio ya wapiganaji si ushahidi.

Waliokwenda hadi kaburini

Uchunguzi wa uwanjani, wa Human Rights Watch, Amnesty na wengine, hauhesabu wote. Amnesty ilipochunguza Waziristan Kaskazini, ilipitia mashambulizi 45 ya kuanzia Januari 2012 hadi Agosti 2013, na tisa tu ndiyo iliyoyafuatilia kwa undani hadi kwa mashahidi. Anayechukua matukio hayo tisa akayazidisha ili kupata jumla ya nchi anakosea, maana huchaguliwa yanayotia shaka.

Ila hakuna chanzo kingine kinachokupa mtu. Oktoba 2012, katika kijiji cha Ghundi Kala, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 aliuawa shambani akichuma mboga, wajukuu wakiwa karibu. Mwaka mmoja baadaye mwanawe na wajukuu wawili walisafiri hadi Washington kutoa ushahidi mbele ya wabunge. Waliofika kuwasikiliza walikuwa watano. Mjukuu mmoja alieleza kwamba hapendi tena anga la buluu, kwa sababu droni haziruki kukiwa na mawingu. Safu ya jedwali haina mahali pa kuweka hilo, na mimi siwezi kuandika juu ya jambo hili bila kulikumbuka.

Uchunguzi mzuri pia hukubali kuishia njiani. Desemba 2013, karibu na Rada' nchini Yemen, msafara wa harusi ulipigwa, wakafa watu 12. Marekani ilishikilia kwamba walikuwa wapiganaji. Human Rights Watch ilihoji mashahidi na jamaa, ikasema baadhi ya waliokufa, na pengine wote, huenda walikuwa raia, bila kufunga mlango kwamba kati yao kulikuwa na mpiganaji. Upande wa serikali ya Yemen ulitoa fedha na bunduki kwa familia, namna ya kuomba radhi kwa mila za huko. Ukilinyanyua tukio hili, beba na mashaka yake.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuchagua: si kila shambulio linaloitwa la droni ni la droni. Al-Majalah, Yemen, Desemba 2009, ambako uchunguzi wa bunge la huko ulikuta raia 41 wamekufa, wakiwemo watoto 21, lilitumika kombora la masafa lililorushwa kutoka mbali likiwa na mabomu ya mtawanyiko. Vifo ni vile vile, lakini ukiliweka kwenye hoja kuhusu droni, anayekupinga atakubomoa kwa kosa hilo moja.

Uchague ipi

Kwa Pakistan kuanzia 2004 hadi 2018, tumia Bureau, na uandike namba zote mbili za mwanya wake, ya chini na ya juu. Ukihitaji kuonyesha kwamba hata mwenye tahadhari anapata mamia, weka New America kando yake. Kwa Somalia ya miaka ya mashambulizi ya Marekani, Airwars pamoja na taarifa za robo mwaka za AFRICOM, ukizisoma tukio kwa tukio. Vyanzo hivyo viwili vinapokubaliana una jambo lililothibitika, vinapoachana una kazi ya kuuliza. Hesabu ya serikali peke yake usiitumie kamwe bila kusema ni ya nani. Na kama nafasi inatosha kitu kimoja tu, kati ya jumla na tukio moja lililochunguzwa vizuri, mimi huchagua tukio.

Ugumu mkubwa zaidi sasa ni kwamba droni si za Marekani peke yake. Januari 2022, Dedebit katika Tigray, kambi ya waliokimbia vita ilipigwa na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 3 Desemba 2023 jeshi la Nigeria lilipiga Tudun Biri, jimbo la Kaduna, waumini wakiwa kwenye Maulidi. Wakafa watu 85 au zaidi, na jeshi likakiri kwamba limekosea. Machi 2024, karibu na Jambaluul, Shabelle ya Chini, Amnesty ilipata raia 23 waliouawa, 14 kati yao watoto, kwa droni zilizotengenezwa Uturuki. Upande wa serikali ya Somalia ulikuwa umetangaza kuua wapiganaji wa al-Shabaab eneo hilo.

Kwa mashambulizi haya huna Bureau ya kufungua, iliyokaa miaka ikiandika tarehe na vijiji. Una tangazo la jeshi la siku ya kwanza, na ripoti ya wachunguzi inayokuja wiki au miezi baadaye, wakati habari imeshasahaulika. Kwa hiyo habari ya siku ya kwanza iandikwe hivi: "Serikali inasema imewaua wapiganaji, waliokufa bado hawajatambuliwa na chanzo huru." Weka tarehe ya shambulio kwenye kalenda yako, na ripoti ikitoka, rudi uiandike upya kwa ukubwa ule ule ulioupa tangazo.